Kuchagua na kunoa vigumba vipana vya mshale: niliyojifunza kwa uchungu Minnesota

Babu yangu wa Kitui alikuwa na mishale ambayo vigumba vyake, yaani vichwa vyake vya chuma, havikuzidi ukucha wa kidole gumba. Nikiwa mtoto nilidhani ni vya kuchezea. Siku moja alinikalisha chini ya mwembe akanieleza kwamba kigumba chake kilikuwa na kazi moja tu, kupenya ngozi na kuifikisha sumu kwenye damu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya msunguti, mti ambao sisi Wakamba huuita kivai. Ulichemshwa muda mrefu mpaka ukawa mweusi mzito kama lami, ukapakwa, kisha ukaviringishiwa ngozi laini usikauke. Uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1977, podo lile lilipandishwa juu ya kenchi na halikushuka tena.

Nimeanza na babu kwa sababu nilikuja Marekani na elimu yake kichwani, na nilipoanza kuwinda hapa Minnesota kwa upinde wa jadi, ule usio na magurudumu wala vyuma, elimu ile ilinipotosha. Si kwamba ilikuwa mbaya. Ilikuwa elimu ya silaha nyingine. Hapa sheria inakataza sumu. Inakataza pia kigumba chenye miiba ya kurudi nyuma, na inataka kigumba chenye makali ya chuma mawili au zaidi na upana usiopungua inchi 7 juu ya 8, yaani kama milimita 22. Upinde wenyewe uwe na uzito wa kuvuta, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta, wa pauni 30 au zaidi. Maana yake ni kwamba kulungu wa mkia mweupe unayemlenga atakufa kwa kuvuja damu, au kwa mapafu kutobolewa na hewa kujaa mahali pasipofaa. Makali yasipofanya kazi hiyo, hakuna kingine kitakachoifanya.

Msimu wangu wa pili nilinunua vigumba vya bapa mbili, yaani vyenye mbavu mbili za kukata, vyenye upana wa karibu milimita 40. Nilivipenda kwa macho. Nilijiambia kwamba kidonda kipana ni damu nyingi, na damu nyingi ni mnyama kuanguka karibu. Upinde wangu ulikuwa wa pauni 47, kilo 21 na ushei. Vigumba vilitoka kwenye pakiti viking'aa, nami nikaamini mng'ao ni makali.

Mwezi wa Oktoba, kabla jua halijachomoza vizuri, kulungu jike alisimama hatua 14 kutoka nilipokuwa. Mshale ulimpiga mbele kidogo ya pale nilipokusudia, kwenye mfupa wa bega. Uliingia kiasi cha upana wa kiganja ukasimama. Alikimbia nao. Mimi na rafiki yangu tulifuata matone mpaka giza likaingia, tukarudi alfajiri ya pili, tukatafuta mpaka saa saba mchana. Hatukumpata. Tulichopata ni nusu ya mshale, ncha ya kigumba imejikunja kama ndoana na makali yamekuwa mviringo kama mgongo wa kisu. Niliuweka upinde chini msimu wote uliobaki. Mpaka leo nikimkumbuka yule mnyama moyo unaniuma, na ndiyo sababu ninaandika haya.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchagua. Upana si zawadi ya bure. Kila milimita unayoongeza inadai nguvu kutoka kwenye upinde wako, na upinde wa jadi hauna nguvu ya ziada ya kugawa. Dk. Ed Ashby, ambaye alitumia miaka mingi akipima jinsi mishale inavyopenya wanyama wakubwa, kuanzia Afrika Kusini, anapendekeza kigumba cha bapa mbili ambacho urefu wake ni mara 3 ya upana. Chukua kalamu upige hesabu. Kigumba cha milimita 28 kitakuwa na urefu wa milimita 84, na hicho kinapatikana. Cha milimita 40 kingehitaji milimita 120, karibu urefu wa kiganja. Vipana vinavyouzwa havifiki huko, kwa hiyo vinakuwa kabari fupi nene. Kabari fupi ikikutana na mbavu hupita. Ikikutana na bega, na nyuma yake kuna pauni 47 tu, husimama, kama nilivyoona.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: uangalie upinde kwanza, kigumba baadaye. Mwenye pauni 40 hadi 50 abaki na bapa mbili, upana wa milimita 28 mpaka 32. Mwenye pauni 55 kwenda juu, na mshale mzito, anaweza kutumia vipana zaidi au vya bapa tatu. Wazee wa fani hii huku hupima mshale kwa greni, na gramu moja ni greni 15.4. Kwa uwindaji wanataka greni 10 au zaidi kwa kila pauni ya upinde. Kwangu hiyo ingekuwa gramu 30 na nusu. Mimi nimepanda mpaka 36, na sijutii mwendo uliopungua.

Bapa tatu zina utamu wake. Kigumba cha bapa tatu chenye upana wa milimita 28 kinakata jumla ya milimita 42 za nyama, kuliko hata cha bapa mbili chenye milimita 38, kwa sababu kila bapa inakata kutoka katikati. Tundu lake halijifungi kama mpasuko wa bapa mbili, na alama ya damu chini inasomeka vizuri. Bei yake ni nguvu zaidi ya kupenyeza. Kuna njia ya kati pia. Fred Bear, mtengenezaji wa pinde wa Marekani, alipotoa kigumba chake kiitwacho Razorhead mwaka 1956, alikitengeneza na bapa mbili kubwa na wembe mdogo wa kupachika unaokatiza katikati. Sura hiyo bado inaigwa.

Kwa anayeanza, ninapendekeza chuma laini kiasi, kinachokubali tupa. Vigumba vya Zwickey, vilivyotengenezwa kwa miongo mingi North St. Paul hapa hapa Minnesota, ndivyo nilivyojifunzia. Chuma kigumu mno hukaa na makali muda mrefu, lakini tupa inateleza juu yake kama juu ya kioo, na anayejifunza hukata tamaa.

Sasa kunoa, ambako ndiko kwenye kazi yenyewe. Usiamini makali ya dukani, hata kama yameandikwa nini kwenye pakiti. Mimi hufunga tupa bapa ya inchi 10 juu ya meza kwa skurubu mbili. Kigumba ninakigandisha kwenye kipande kifupi cha uti wa mshale kiwe na mpini, na mkono wa pili unavaa glavu isiyokatika. Kisha ninapaka ukingo wote wino mweusi kwa kalamu ile ya kuandikia maboksi. Ukipitisha tupa mara mbili tatu, wino utakuambia ukweli. Ukifutika juu tu karibu na mgongo, umelaza sana. Ukifutika kwenye ncha ya makali tu, umeinua sana. Unataka wino ufutike wote kwa pamoja. Kwa bapa mbili ninalenga nyuzi 20 hadi 25 kila upande.

Noa upande mmoja mpaka upande wa pili uhisi ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, unaokwaruza kidole ukikipitisha kwa kukatiza makali. Ukingo huo usipotokea urefu wote, kutoka shina mpaka ncha, hujafika kwenye makali, hata kama umenoa saa nzima. Hapa ndipo watu wengi wanapoachia. Ukitokea, geuza, fanya upande wa pili, na uhesabu mipigo iwe sawa, la sivyo kigumba kinakuwa kizito upande mmoja na mshale unayumba. Halafu punguza nguvu. Mipigo ya mwisho iwe myepesi kiasi kwamba unasikia tupa zaidi ya unavyoihisi. Ukibana mpaka mwisho unaukunja ukingo huku na huku bila kuutoa.

Baada ya tupa, kinoo laini chenye maji kidogo. Baada ya kinoo, ngozi. Nina mkanda wa zamani wa suruali niliougongomea ubaoni na kuupaka dawa ya kijani ya kung'arishia chuma. Hapa unavuta kurudi nyuma, makali yakifuata, kama kinyozi wa zamani na wembe wake. Mara 20 kila upande zinatosha.

Wapo wanaokataa kinoo na ngozi. Howard Hill, mpiga upinde wa Marekani aliyewinda hata tembo Afrika, alipendelea makali ya tupa yenye meno madogo madogo. Nimejaribu yote mawili na nimebaki na makali laini. Makali yenye meno hukwaruza na kurarua, na mshipa uliokatwa kwa ulaini hauwahi kujiziba haraka kama uliochanwa.

Bapa tatu ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Unalaza bapa mbili kwa pamoja juu ya tupa, unasukuma mbele, unazungusha, bapa zinazofuata, unazungusha tena. Umbo lenyewe linashika pembe kwa ajili yako. Ujue tu kwamba pembe hiyo ya makali inakuwa nyuzi 60, pana kuliko ya bapa mbili, kwa hiyo haitanyoa nywele za mkono upesi vile. Usikate tamaa. Ongeza muda kwenye ngozi.

Jaribio ninaloliamini si karatasi wala nywele. Ni mpira mwembamba wa kufungia noti. Uvute kidogo tu baina ya vidole viwili vya mwenzako au misumari miwili, kisha gusisha makali. Makali mazuri yanaukata kwa kugusa. Makali ya uongo yanausukuma pembeni. Mishipa ya damu ndani ya mnyama ni hivyo hivyo, inanyumbulika na kuteleza, na kigumba butu huipita kando bila kuikata. Vigumba vyangu vya Oktoba ile nilivijaribu baadaye kwa mpira huu, vile vilivyobaki pakitini. Hakuna hata kimoja kilichokata.

Kabla ya kutia makali ya mwisho, ishughulikie ncha. Ncha nyembamba kama sindano hujikunja kwenye mfupa. Mimi huisaga kidogo iwe na ukingo mfupi mnene, wa milimita 2 au 3, kama ncha ya patasi. Na ukitumia kigumba kilichonolewa upande mmoja tu kwa kila bapa, ambacho hujizungusha kikiingia, hakikisha mzunguko wake unafuata wa manyoya ya mkiani mwa mshale: kilichonolewa kushoto na manyoya ya bawa la kushoto la ndege, cha kulia na ya kulia.

Kigumba kipana pia ni bawa. Kikikaa upande kidogo tu, kinaongoza mshale badala ya manyoya. Simamisha mshale kwa ncha juu ya ubao mgumu, uzungushe kwa vidole. Ukiona kichwa kinatikisika, pasha moto shina, gundi ilegee, ukipange upya. Na manyoya yawe makubwa. Mimi hutumia matatu ya inchi 5. Kisha piga vigumba vyenyewe kwenye shabaha ya sponji, si vya mazoezi peke yake, halafu uvinoe tena.

Makali hufa bila hata kutumika. Umande mmoja wa Novemba unatosha kuleta kutu, kwa hiyo ninapaka vaselini nyembamba kila jioni. Sponji iliyo ndani ya podo nayo hula makali kila unapochomoa na kurudisha. Ninavivalisha vigumba vifuniko vya kadibodi mpaka nifike mahali pa kukaa, na alfajiri kabla ya kutoka ninavipitisha kwenye ngozi mara tano tano. Ukipata mnyama, hakikisha kigumba chako kimetoka kizima kabla ya kuanza kukata nyama. Kipande cha bapa kilichovunjika ndani ni hatari kwa mkono wako na kwa watakaokula.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu nimeulizwa mara mbili na wenzangu wa huku: kila ukinoa, unapunguza upana. Pima kwa kipimo cha milimita mwanzo wa kila msimu. Kimoja cha vigumba vyangu vya Zwickey kimefika 24 sasa. Nadhani kina msimu mmoja mbele yake, kisha nitakihamishia kwenye mshale wa mazoezi kabla hakijashuka chini ya 22.