Mkono wa Brady, mkataba wa Garoppolo: kwa nini aliyeondoka ni kijana

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Minneapolis, na watoto wangu wamenivuta hadi nami naipenda futiboli ya Marekani. Jambo moja haliniingii akilini. Mwaka 2017 New England Patriots walikuwa na Tom Brady, mwenye miaka 40, na nyuma yake Jimmy Garoppolo, anayekaribia 26, ambaye kila mtu alimsifu. Wakamwachia kijana, wakabaki na mzee. Waliona nini kwenye mwili wa Brady? Na kwa nini wasimweke kijana benchi miaka miwili au mitatu zaidi, mzee akichoka aingie?

JIBU: Ahsante kwa swali, ndugu yangu. Nianze na mwili, maana huko ndiko ninakofanya kazi, kwenye fiziotherapia ya wanamichezo.

Hakuna kipimo, hospitalini wala uwanjani, kinachoweza kumwambia kocha kwamba bwana huyu amebakiza misimu mitatu. Tunapima nguvu za bega, mzunguko wa nyonga, uimara wa miguu, na jinsi misuli inavyopona kati ya mechi na mechi. Vyote hivyo vinaeleza hali ya leo. Anayekuahidi kuhusu msimu wa mbele zaidi ya huu anabahatisha, hata akiwa na mashine nzuri.

Tunachokifahamu vizuri ni kwamba kazi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, kama Brady na Garoppolo, inazeeka taratibu kuliko kazi nyingine uwanjani. Mkimbiaji anayekabidhiwa mpira mkononi hugongwa karibu kila anapoushika, na mbio zake zinategemea misuli ya kasi, ambayo huanza kupungua mapema. Kwotabeki yuko karibu zaidi na golikipa wa soka letu. Essam El-Hadary wa Misri alidaka penalti kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Anayeusoma mchezo kabla haujafika kwake hahitaji kuruka mbali.

Halafu kuna huo mkono wenyewe. Wengi hudhani pasi hutoka begani, kumbe bega linaingia kazini mwishoni. Nguvu huanzia ardhini: mguu wa nyuma unasukuma, nyonga inazunguka, kiwiliwili kinafuata, ndipo bega, kiwiko na vidole. Nyonga ikikakamaa, bega hulazimika kufanya kazi isiyo yake, na mrushaji mwenye umri huja kulalamika mkono wakati tatizo liko kiunoni. Kwa hiyo nikiletewa mrushaji wa miaka 38 ninaanza kumchunguza chini, bega baadaye. Brady alitumia miaka mingi kutunza ulaini wa misuli yake kuliko kuijaza, na kwa kazi yake mimi naona alikuwa sahihi, ingawa baadhi ya maelezo yaliyotolewa kuhusu mbinu zake, hasa ya maji na vyakula, yalikwenda mbele kuliko sayansi.

Kilichomlinda zaidi kilikuwa kasi ya kuachia mpira. Hakuwahi kuwa na mbio, tangu alipochaguliwa wa 199 kwenye drafti ya mwaka 2000, yaani zamu ambazo timu za ligi huchagua wachezaji wapya, raundi kwa raundi. Lakini macho yake yalijua pa kwenda kabla mabeki hawajamfikia, na ukishauachia mpira, sheria inakulinda. Sheria zenyewe zilizidi kumsaidia. Mechi ya kwanza ya msimu wa 2008 alichanika kano ya goti, ile ambayo madaktari huiita ACL, baada ya kugongwa mguuni na mchezaji aliyekuwa chini. Mwaka uliofuata ligi ikakaza kanuni dhidi ya kuvamia miguu ya kwotabeki namna hiyo.

Sasa, kwa nini makocha waliogopa pamoja na hayo yote? Kwa sababu kwotabeki mkubwa akishuka, mara nyingi hashuki kidogo kidogo. Mtazame Peyton Manning. Alikosa msimu wote wa 2011 kwa upasuaji wa shingo, kwa kuwa neva iliyobanwa ilikuwa imenyong'onyeza mkono wake wa kurushia. Mwaka 2013, akiwa Denver, alirusha pasi 55 za tachidauni, yaani za kufunga, rekodi ya ligi. Miaka miwili tu baadaye, 2015, alikuwa na tachidauni 9 na pasi 17 zilizonaswa na wapinzani, akakaa nje wiki kadhaa huku msaidizi wake, Brock Osweiler, akicheza. Alirudi na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi, ila safari hiyo mabeki ndio walioibeba timu. Kama ungekuwa kocha wa New England mwaka 2017, mfano huo ungekunyima usingizi.

Kwa hiyo sehemu yako ya pili ndiyo yenye jibu, na jibu hilo halimo mwilini. Limo kwenye karatasi.

Garoppolo alichaguliwa kwenye drafti ya mwaka 2014, raundi ya pili, wa 62. Chini ya makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2011, aliyechaguliwa raundi ya kwanza anasaini miaka minne, na timu ina haki ya kuongeza wa tano. Wa raundi ya pili ana minne tu. Mkataba wa Garoppolo ulikuwa unaisha msimu wa 2017 ukimalizika. Wazo lako la kumweka benchi miaka miwili mitatu halikuwepo mezani, labda kwa bei ya kwotabeki anayeanza. Timu ingeweza kumzuia mwaka mmoja kwa utaratibu maalumu wa ligi, lakini kwa nafasi hiyo ni zaidi ya dola milioni 20. Timu ya San Francisco ilipompata ilimpa miaka mitano yenye thamani ya hadi dola milioni 137.5, wastani wa 27.5 kwa mwaka, wakati ukomo wa mishahara ya timu nzima uliowekwa na ligi msimu wa 2018 ulikuwa milioni 177. Ni zaidi ya sehemu moja ya saba ya fedha zote. Huwezi kumlipa hivyo mtu wa benchi, halafu ukamlipa Brady, halafu ukapata watu wa kuwakinga.

Ndiyo maana tarehe 30 Oktoba 2017 akaenda San Francisco kwa kubadilishana na chaguo moja la raundi ya pili kwenye drafti. Bei ndogo, nakiri. Lakini muuzaji ambaye mali yake itaondoka bure baada ya miezi michache hana nguvu ya kupandisha bei.

Mashabiki hupenda kusema mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini Joe Montana na Steve Young, kwotabeki wawili mahiri, walikaa pamoja San Francisco misimu sita, 1987 hadi 1992. Walikaa kwa sababu ukomo wa mishahara haukuwepo. Ulianza 1994, mwaka mmoja baada ya Montana kuondoka. Chuki au heshima kati ya wawili hao haikuwa na uzito mkubwa kama wengi wanavyosimulia.

Kuna jambo moja ambalo watu wa fani yangu tunapaswa kulisema kwa sauti zaidi. Mkilinganisha mzee na kijana, msidhani hatari yote iko kwa mzee. Brady alipofungiwa mechi nne mwaka 2016, Garoppolo alianza mechi mbili na kuumia bega katika ya pili. Akiwa San Francisco alichanika kano ya goti kwenye mechi ya tatu ya 2018, akacheza mechi sita tu mwaka 2020, na mwaka 2022 akavunjika mguu. Alikuwa mchezaji mzuri. Aliifikisha timu yake Super Bowl Februari 2020. Brady katika kipindi hicho, kuanzia 2017 hadi alipostaafu, hakukosa kuanza hata mechi moja ya msimu wa kawaida. Alikuwa mchezaji bora wa ligi wa 2017 akiwa na miaka 40. Akiwa na 44 aliongoza ligi kwa yadi 5,316. Uwezo wa kuepuka kipigo ni kipaji kama vipaji vingine, na hauonekani kwenye cheti cha kuzaliwa.

Umeuliza pia, kwa namna fulani, kama kukaa benchi kunamharibu kijana. Si lazima. Wiki ya mechi, mazoezi mengi ya mpango wa timu huenda kwa anayeanza, na namba mbili huigiza mpinzani ili mabeki wajifunze. Hasara yake ni kwamba anaurusha mpira kwa mpango wa wengine. Faida yake ni muda wa kurekebisha mwili bila presha. Aaron Rodgers wa Green Bay alikaa misimu mitatu nyuma ya Brett Favre, akabadilisha hata jinsi ya kuushika mpira, na akaja kuwa mchezaji bora wa ligi mara nne. Ninachoomba makocha ni kwamba namba mbili arushe idadi ya kutosha kila wiki, kwa nguvu kamili. Bega lililozoea kazi nyepesi, ukilitupia mechi nzima ghafla Jumapili, utaliona kwangu Jumatatu.

Ukitaka kuona New England ilikosa nini, tazama Green Bay. Walipomchukua kwotabeki kijana Jordan Love mwaka 2020, Rodgers akiwa na miaka 36, walimchukua raundi ya kwanza, wa 26. Walikuwa na miaka minne na haki ya wa tano. Love alikaa misimu mitatu, Rodgers akatuzwa mchezaji bora mara mbili hapo hapo, na Aprili 2023 mkongwe akapelekwa New York Jets. Huko Rodgers alichanika kano ya Achilles, ile ya kisigino, mpira ulipoanzishwa kwake mara ya nne tu katika mechi yake ya kwanza. Hakuna daktari aliyeiona inakuja. Msimu wa 2024 alirudi, akaanza mechi zote 17 akiwa na 40 na ushee, jambo ambalo pia ni wachache waliolitarajia.

Kwa hiyo, mkikaa na watoto kuitazama timu yenye kwotabeki wa miaka 37 au 38, usihangaike sana na umri wake. Tafuta namba mbili alichaguliwa raundi gani na mkataba wake unaisha lini. Kama ni raundi ya pili na anaingia mwaka wa nne, mmoja wao ataondoka kabla ya msimu ujao, hata kama mkono wa mzee uko salama kabisa.