Maswali ya Wasomaji: Mita ya Moshi, Maji ya Tanga

Ninafundisha sekondari hapa Moshi. Kila likizo klabu yetu ya mazingira inashuka Tanga kupima maji ya ghuba karibu na mji, na hori moja lenye mikoko. Mara tatu mfululizo oksijeni imesoma juu ya miligramu 5 kwa lita, nasi hupima mchana, maji yakiwa yamejaa ili mtumbwi upite. Wavuvi wanasema samaki wanakufa horini. Nani amekosea?
*Mwalimu, Moshi*

Mwalimu, waaminini wavuvi kwanza. Kisha tuangalie mita yenu ya oksijeni ilisawazishiwa wapi, maana kama ni shuleni kwenu, kosa limeanzia hapo.

Kihisio cha oksijeni huhisi msukumo wa gesi hiyo, na msukumo huo hufuata kanieneo ya hewa. Moshi ipo takribani mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo yake ni pungufu ya ile ya Tanga kwa karibu asilimia 9. Mkiiambia mita kuwa hewa ya Moshi ndiyo asilimia 100, bila kuingiza kanieneo ya mahali, ikifika pwani itazidisha kwa karibu asilimia 10. Maji yenye miligramu 4.6 kwa lita yatasomeka 5.06. Chini ya 5 samaki wengi huanza kutaabika, na chini ya 2 wanaoweza kukimbia hukimbia. Kwa hiyo kosa dogo hivi linatosha kuficha jambo lenyewe.

Sawazisheni ufukweni, kila siku ya kazi. Kihisio kikae kwenye kikombe chake chenye sponji yenye unyevu, kivulini, kwa dakika 10 hadi 15 mpaka joto litulie. Halafu ingizeni chumvi, kama mita yenu haiipimi yenyewe. Kwa nyuzi 25, maji baridi (yasiyo na chumvi) hushika takribani miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ilhali maji ya bahari yenye chumvi gramu 35 kwa kilo hushika kama 6.8 tu. Mita iliyoachwa kwenye chumvi sifuri itazidisha kwa zaidi ya moja ya tano, na hilo ni kosa kubwa kuliko lile la mwinuko. Refraktomita, yaani kipima chumvi, nayo irudisheni sifuri kwa maji yaliyotoneshwa kabla ya kuitumia.

Saa mliyochagua nayo inawaangusha. Mchana mwani na majani bahari hutengeneza oksijeni. Usiku kila kiumbe horini huitumia, pamoja na bakteria wanaoozesha uchafu. Kiwango cha chini kabisa hupatikana kabla jua halijachomoza. Pimeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, mrudie saa tisa alasiri palepale. Pengo likiwa kubwa sana, mshukuni mbolea au majitaka yanayolisha mwani, hata kama kipimo cha alasiri kinapendeza.

Maji yakijaa mnapima bahari iliyoingia. Maji ya hori lenyewe yanapatikana yakiwa yanatoka, katika saa ya mwisho kabla ya kupwa kabisa. Na msiende wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, peke yake. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayabadilishwi vizuri na hutuama horini. Hapo ndipo samaki hufa. Pwani yetu ina bahati: siku hizo kupwa huangukia karibu na alfajiri, kwa hiyo safari moja inatosha kwa yote mawili. Hakikisheni saa kwenye jedwali la maji kupwa na kujaa.

Mwisho, shusheni kihisio mpaka nusu mita kutoka chini, pamoja na kile kipimo cha juu. Baada ya mvua maji baridi huelea juu ya yale ya chumvi kama mfuniko, na hewa haifiki chini. Msiguse tope, likitibuka, tupeni kipimo hicho.

Je, tunaweza kurudi Moshi na sampuli za vijidudu?
*Mwalimu huyohuyo*

Hapana. Chupa ikae kwenye barafu, chini ya nyuzi 10 bila kuganda, na ifike maabara ndani ya saa sita. Safari ya basi kupitia Segera inazila zote. Tafuteni maabara Tanga, mkubaliane nayo kabla hamjaondoka. Ombeni kipimo cha enterokoki, bakteria wa kinyesi, kwa sababu wenzao E. koli hufa upesi kwenye chumvi na matokeo yake yanaweza kuwapa faraja ya uongo. Chupa iwe tasa, mililita 100, izamishwe sentimita 30 na mdomo uelekee mkondo unakotoka. Marekani hutumia wastani wa kijiometri wa enterokoki 35 kwa mililita 100 kwa maji ya kuogelea. Wastani huo hutokana na sampuli nyingi, kwa hiyo chupa moja haitoshi kufunga wala kufungua ufukwe.

Pakiti za nitrati za maji baridi msizitumie huko. Nyingi hupunguza matokeo pakiwa na chumvi.

Sisi tuko Tengeru. Utaratibu huu unafaa Ziwa Duluti?
*Msomaji, Arusha*

Unafaa, ukiondoa mambo ya kupwa na kujaa. Hapo E. koli ndiyo ya kupima. Mwinuko wenu ni mkubwa kuliko wa Moshi, kwa hiyo ingizeni kanieneo ya hapo hapo. Ongezeni sahani ya Secchi, ya kupimia uangavu wa maji: kipenyo sentimita 20, robo nyeusi na robo nyeupe kwa zamu, kamba yenye alama kila sentimita 10. Ishusheni upande wa kivuli wa mtumbwi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Andikeni kina inapopotea na kina inapoonekana tena ikipandishwa, mchukue wastani. Asomaye avue miwani ya jua, na kila mwezi awe mtu yuleyule.