Maswali ya Wasomaji: Vifuniko Vilivyozibwa, kuanzia Prosesa hadi Kopo la Nyanya

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kompyuta mjini Arusha. Mteja ameniletea mashine yenye prosesa ya Intel Core i7-3770K inayopata joto kupita kiasi, ingawa nimesafisha feni na kupaka pesti mpya ya kupitishia joto juu ya kifuniko chake. Nimesikia kwamba kifuniko chenyewe hung'olewa. Je, nithubutu kukitoa kwa wembe?

JIBU: Ndugu fundi, wembe uweke mbali. Kifuniko hicho ni cha shaba iliyopakwa nikeli, nacho kimeshikwa pembezoni kwa gundi nyeusi inayonyumbuka kama mpira. Chini yake kimo kipande cha silikoni, ambacho ndicho prosesa hasa, na katika toleo hilo la mwaka 2012 Intel iliacha lehemu iliyotumika katika toleo lililotangulia, ikaweka pesti kati ya silikoni na kifuniko. Pesti hiyo hupoteza ubora kadiri miaka inavyopita, na ile uliyoipaka wewe juu haiwezi kuifikia.

Hatari ya wembe ni kwamba bodi ya kijani ya prosesa, iliyobeba silikoni, ina nyaya nyembamba mno zilizopita karibu na uso wake, hivyo ncha ikizama kidogo tu huzikata, na ikipenya mbali zaidi huigonga silikoni, ambayo hupasuka pembe kwa urahisi. Ni heri kukisukuma kifuniko kando kuliko kukiinua. Kipo kifaa maalumu, mfano wa jiliwa ndogo, kinachoishikilia bodi na kukisukuma kifuniko kwa skrubu, nawe unaikaza polepole hadi gundi iachie. Baada ya hapo kwangua mabaki ya gundi kwa kadi ya plastiki, futa pesti ya zamani kwa spiriti, kisha paka mpya. Wengine hutumia metali ya kimiminika yenye galiamu, ambayo hupitisha joto vizuri sana, lakini hupitisha umeme pia na huila alumini, kwa hiyo tone moja likichuruzika juu ya bodi laweza kuiunguza.

Usiichukulie kila prosesa hivyo. Core i9-9900K ya mwaka 2018, kwa mfano, ilirudishiwa lehemu ya indiamu, metali laini inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 157 hivi za Selsiasi, na kifuniko chake kikilazimishwa kinaweza kuondoka na silikoni yenyewe. Kwa mashine ya ofisi inayofanya kazi za kawaida, nisingeifungua kabla ya kuhakikisha kwamba kipoza joto kimekaa na kukazwa sawasawa.

SWALI: Mbona opena yangu huacha ukingo mkali kwenye kopo la nyanya, na kifuniko hutumbukia ndani?

JIBU: Kifuniko cha kopo hakikugundishwa. Ukingo wake umekunjwa pamoja na ukingo wa kopo, mabati yakaumana tabaka juu ya tabaka, na katikati ukapakwa utando laini wa kuzuia hewa. Opena ya kawaida haiufungui mkunjo huo. Hukata bati la juu, ndani kidogo ya mkunjo, ndiyo maana kifuniko huzama pamoja na uchafu uliokuwa juu yake. Osha kopo kabla ya kulikata, au tafuta opena inayokata mkunjo kwa ubavuni, ili kifuniko kitoke kizima bila makali.

Makopo yalipewa hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1810, lakini hataza ya opena ya Ezra Warner wa Marekani ilitolewa mwaka 1858. Kabla yake watu walitumia patasi na nyundo, kwa kuwa bati lilikuwa nene.

Kopo lililovimba usilifungue kwa chombo chochote, wala usilionje: gesi iliyolivimbisha huenda imetokana na bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao huua hata kwa kiasi kidogo sana.