Mteja halipi hostingi, nimzimie au niendelee kumvumilia?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina kabiashara kadogo ka hostingi, wateja kama 40 hivi, wengi niliwatengenezea tovuti mwenyewe nikabaki nazo kwenye seva yangu. Kati yao 11 nawadai, wengine huu mwaka wa pili. Nikipiga simu ni "wiki ijayo", mmoja nikimtumia ankara WhatsApp ananijibu kwa kidole gumba alafu kimya. Nikiwazimia naogopa watanichafulia jina, nikiwaacha seva nalipa mimi. Rafiki yangu ananiambia nishikilie domeni zao (yale majina ya tovuti kama ya .com) mpaka walipe. We unaonaje? (Mwenye seva aliyechoka)

JIBU: Pole sana aisee, ila nianze na wewe kwanza, maana mtu hafiki mwaka wa pili bila kulipa kama hujamzoesha. Wengi wao hela wanazo, wamekusahau tu. Tovuti inafunguka, imeili zinaingia, sasa akukumbuke kwa lipi? Kazi yetu hii ukiifanya vizuri huonekani kabisa. Na huku unaumia kimyakimya, kama unatumia cPanel, ile programu ya kuendeshea akaunti za hostingi, unajua tangu 2019 leseni yao inaenda kwa idadi ya akaunti, kwa hiyo hao 11 kila mwezi wanahesabiwa kwenye bili yako kama vile wanalipa.

Kwa hiyo zima, ila usifute. Ukisaspendi akaunti, mafaili, databesi na imeili za zamani vyote vinabaki, umefunga mlango tu, akilipa unabonyeza mara moja anarudi hewani. Mi kuna mmoja nilishamfuta kwa hasira, siku ya tatu huyo hapo kalipa deni lote na mwaka mzima wa mbele juu, naenda kwenye bakapu, yaani nakala ya akiba, nakuta ya mwisho ina miezi miwili, nikakesha siku mbili narudishia kurasa moja moja bila yeye kujua. Tangu siku hiyo hata mtu anitukane, kwanza nachukua bakapu, nahakikisha inafunguka, alafu nasubiri hata siku 60 ndo nafuta.

Ratiba iwe moja kwa wote na waijue tangu siku wanajiunga. Ya kwangu ni ankara siku 14 kabla, ukumbusho siku 7 kabla, mwingine siku yenyewe, siku ya 5 baada ya hapo akaunti inafungwa. Programu ya kusimamia wateja wa hostingi kama WHMCS inatuma ankara na ukumbusho na kufunga akaunti yenyewe, hadi kufungua akishalipa. Raha yake ni kwamba lawama inaangukia mfumo, "bosi mi sijagusa kitu, ukilipa unafungua wenyewe", hapo atamnunia nani?

Sasa hilo la kuchafuliwa jina. Usizime Ijumaa jioni, utaharibu wikendi yako na yake, zima asubuhi ya siku ya kazi ukiwa na simu mkononi. Na ule ukurasa wa kufungiwa usiandike kwamba hajalipa, wateja wake wataona, weka "tovuti haipatikani kwa muda" basi, na seva ijibu kwa namba ya hitilafu 503, hiyo inaiambia Google kwamba ni tatizo la muda, isikimbilie kuitoa tovuti kwenye matokeo.

Imeili ndo penyewe. Tovuti ikizimwa mtu anaweza kumaliza wiki hajui, ila boksi la imeili likigoma kufunguka saa tatu asubuhi, saa tatu na nusu anakupigia, na sauti imebadilika kabisa! Lakini cheki kwanza seva yako inafanyaje na imeili zinazoingia kwenye akaunti iliyofungwa, maana zikikataliwa zinamrudia aliyetuma na hata mteja akilipa hazitarudi tena. Mi wiki ya kwanza naziacha ziingie, ila yeye kuzisoma hawezi mpaka alipe.

Huyo rafiki yako wa domeni usimsikilize. Domeni ni ya mtu aliyeandikishwa kama mmiliki, na kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, za kuhamisha domeni kama .com hazitaji deni la hostingi kama sababu ya kumzuia mtu kuhama. Kama ulizisajili kwa jina lako, zihamishie kwenye majina yao, ugomvi ukija utaonekana mwizi we mdai. Ila kumlipia domeni mwaka mpya kwa hela yako hiyo hapana, hulazimiki. Mwambie wazi, kwa maandishi, kwamba .com ikishaisha muda na msajili (kampuni iliyoisajili) akaifuta, kuna siku 30 za kuikomboa kwa gharama kubwa kuliko kawaida, alafu siku 5 za kusubiri, baada ya hapo yeyote anaichukua. Wengi wakisoma hapo wanalipa.

Hao 11 usiwazime siku moja, simu zitakuzidi. Wape wote tarehe moja kwa maandishi, alafu funga wawili watatu kwa siku. Mwenye shida ya kweli atakwambia mapema, mgawie deni kwa awamu, ila mwezi unaokuja alipe kabla. Wa miaka miwili usipoteze nguvu kudai yote, mwambie alipe mwaka huu tu aendelee, la sivyo mpe bakapu yake aende. Huyo wa kidole gumba anza naye Jumatatu.