Usaili wa utumishi: hati ya matokeo haitoshi

Umeuliza kama unaweza kwenda kwenye usaili na hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe. Hapana ndugu, haikubaliki kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosaili waombaji wa kazi serikalini Tanzania, hata kama cheti cha chuo unacho. Wanataka vyeti halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, na cha taaluma. Matokeo ya muda ya chuo nayo hayapokelewi. Hii si habari ya mtaani, imeandikwa kwenye masharti ya kila tangazo la kuitwa kwenye usaili, sema wengi wetu tunatafuta jina kwenye orodha tukiliona tunafunga.

Nasisitiza kwa sababu inauma sana kuona mtu amesafiri kutoka Kigoma hadi Dodoma, nauli, chakula na malazi juu yake (nalo ni sharti), halafu anarudishwa kwenye uhakiki wa vyeti kabla hajajibu swali hata moja.

Angalia pia majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasoma tofauti na cha shule, shughulikia hati ya kisheria ya kubadili jina mapema. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake vihakikiwe kwanza na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (mitihani ya shule) kutegemea ngazi.

Kitambulisho kina nafuu: kama huna cha NIDA, cha mpiga kura au pasipoti hupokelewa. Ila soma tangazo la kada yako mwenyewe, kwani kwa kada zenye bodi za usajili huhitajika pia leseni ya kufanyia kazi.