Usilipie hiyo Linux kabla hujajua masasisho yanatoka wapi

Mkuu, usilipe. Kama umeshajaza fomu, usibonyeze kitufe cha mwisho. Umeuliza kama ununue ile Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) ya kulipia ya "wanaoanza" kwa kompyuta nne za ofisi yako, kama printa yako ya zamani itakubali, na kama uibakize Windows pembeni. Nilipofika pale ulipoandika "wanasema ina ulinzi wa kudumu" nikasukuma sahani pembeni. Maneno hayo hayo niliyaamini mwaka 2021, nikatoa laki tatu.

Nilikuwa na steshenari, kompyuta tano, elfu sitini kila moja kwa mwaka. Anayetaka kucheka aanze kwa kutuonyesha risiti zake, kila mtu humu anazo. Aliyenishawishi ni jamaa mmoja wa video za mtandaoni. Anaongea vizuri, anaweka mfumo kwa dakika kumi, kila kitu kinang'aa. Baadaye ndipo nikajua kwamba kwa kila aliyelipa kupitia kiungo chake, jamaa alipata fungu lake. Angesema tu "nalipwa", ningemsikiliza kwa sikio jingine. Alinyamaza, na hadi leo sijamsamehe.

Laki tatu si kitu. Sikiliza kilichoniumiza.

Kwenye kona ya kioo kulikuwa na ngao ya kijani. Kila asubuhi nawasha, ngao ya kijani, moyo unatulia. Mwaka wa pili mteja akaja kutuma maombi ya kazi, tovuti ikamkatalia, ikasema brauza ni ya zamani mno. Nikamwita kijana wa chuo anayekaa jirani. Akafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, akaandika apt update, amri ya kuulizia masasisho mapya. Mistari ikashuka kioo kizima, karibu yote inaishia 404, yaani kinachotafutwa hakipo. Masasisho ya kampuni ile hayakuwepo tena kwenye seva. Sasisho la mwisho lilikuwa limeingia miezi 14 nyuma. Na ile ngao? Kijana akaibonyeza mara tatu, akatafuta programu inayoiendesha. Hakuna. Ilikuwa picha, Mkuu. Picha ya ngao.

Akafungua faili la /etc/passwd, orodha ya watumiaji wa kompyuta. Chini kabisa, chini ya jina langu, kuna mtumiaji anaitwa support ambaye mimi sikumtengeneza. Yumo kwenye kundi la sudo, maana yake anaweza kufanya lolote kwenye mashine, na SSH, mlango wa kuingilia kompyuta kutoka mbali, iko wazi inamsubiri. Tukahamia kompyuta ya pili, yupo. Ya tatu, yupo. Kwenye /etc/shadow, faili linalotunza manenosiri, mstari wa nenosiri lake lililofumbwa ulifanana herufi kwa herufi kwenye mashine zote tano. Maana yake nenosiri ni moja, limewekwa kiwandani, na huenda kila aliyenunua mfumo ule anaye huyo support ndani ya kompyuta yake.

Sasa fikiria ofisi yangu. Wi-Fi ya kompyuta zile ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nawauzia wateja wakae nje na simu zao. Na ndani ya mashine kulikuwa na folda iliyojaa nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kidato cha nne, mikataba ya viwanja. Je, kuna aliyeingia? Mfumo ule ulitunza kumbukumbu za kuingia kwa takribani wiki nne tu, za nyuma zaidi zilishafutika. Siwezi kujua. Nilifuta mashine zote, halafu nikakaa na daftari la wateja nikipiga simu moja baada ya nyingine. Mama mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, cheti cha binti yangu kiko kwa nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kuuza Linux si dhambi. Leseni ya GPL, ambayo Linux inatolewa chini yake, inaruhusu, kampuni ya Red Hat wanauza huduma za Linux miaka yote, Zorin nao wana Linux yenye toleo la kulipia na wanatoa jingine bure. Na wakubwa nao hukosea. Ubuntu ni Linux ya bure inayojulikana sana, na toleo lake la 12.10, mwaka 2012, lilikuwa linapeleka unachotafuta kwenye kompyuta yako hadi seva za Canonical, kampuni inayoitengeneza, na kukurudishia bidhaa za Amazon. Lakini msimbo wa programu ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma, watu wakaona, Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, akaiita programu ya ujasusi hadharani, mwenye mashine akaweza kuiondoa kwa amri moja, na kufikia toleo la 16.04 la mwaka 2016 ikawa imezimwa tangu mwanzo. Februari 2016 wavamizi walipobadilisha faili la kupakua la Linux Mint, Linux nyingine ya bure, Mint wenyewe ndio waliotangaza, wakaeleza jinsi ya kukagua faili lako. Mimi nani angenitangazia? Tovuti ile ilikuwa na picha za watu wanacheka, haina jina la mtu hata mmoja.

Kwa hiyo kabla ya hela, masasisho. Omba flashi ya majaribio, iwashe bila kuiweka kwenye diski. Kama ni ya ukoo wa Debian (Linux ya bure ambayo Ubuntu imejengwa juu yake) au Ubuntu, fungua terminali, soma /etc/apt/sources.list na kila faili lililo kwenye sources.list.d, ndimo zilimoandikwa anwani za masasisho. Anwani zinaelekea Debian au Ubuntu, au zote zinaelekea seva ya muuzaji peke yake? Endesha sudo apt update uone zinajibu. Kisha /etc/passwd, mstari kwa mstari. Waulize msimbo wao chanzo uko wapi. Wakikujibu "ni siri ya kampuni", ondoka hapo hapo. Debian ni bure tangu 1993, Ubuntu LTS, toleo la kudumu muda mrefu, inapata masasisho miaka mitano bila senti.

Usilipe usiku huu. Piga picha hilo faili la sources.list ulibandike hapa chini, nitalisoma nawe mstari kwa mstari. Niko macho hadi saa sita.