Muulize Fundi: Picha inakatika mtoto akirudi kutoka shule

SWALI: Shikamoo fundi. Tuna dishi moja juu ya bati na ving'amuzi viwili, kimoja sebuleni, kingine chumbani kwa mwanangu. Tangu tuongeze hicho cha pili mwezi wa tano, cha sebuleni kinakatika ovyo. Kinaandika "hakuna mawimbi", baada ya dakika kadhaa picha inarudi yenyewe. Jioni ndiyo balaa, na Jumamosi kutwa nzima. Fundi amekuja mara mbili asubuhi akakuta kinaonyesha vizuri. Akalisogeza dishi, akalipwa, akaondoka. Ajabu nyingine, taarifa ya habari inakatika lakini nikihamia chaneli ya tamthilia inaonyesha kama kawaida. Mwanangu alipokwenda likizo kwa bibi yake Lushoto, wiki mbili hatukukatiwa hata mara moja. Baba watoto anasema ni chumvi ya bahari. Ni kweli?
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mama. Barua yako ningependa isomwe na kila fundi anayepanda ngazi kabla ya kuuliza maswali, maana jibu umelibeba mwenyewe kwenye ule mstari wa Lushoto. Dishi halijui kama mtoto yupo au hayupo. King'amuzi chake ndicho kinachojua.

Nabahatisha kwamba siku mlipoongeza king'amuzi cha pili, waya unaoshuka kutoka kwenye dishi ulikatwa, pakawekwa splita, kile kidude cha chuma chenye tundu moja upande huu na mawili upande ule. Kwa antena ya kawaida splita haina neno. Kwa dishi, ndipo ugomvi unapoanza.

Chaneli za setilaiti zinakuja kwa makundi: kuna zinazopanda mawimbi ya wima na zinazopanda mawimbi ya ulalo. Ile LNB, kichwa kinachokaa mbele ya dishi, kwa tundu moja inatoa kundi moja tu kwa wakati mmoja. Nani anaiambia itoe lipi? King'amuzi, kwa kupandisha umeme kidogo kupitia waya uleule unaoleta picha: volti 13 inaomba wima, volti 18 inaomba ulalo. Sasa wewe sebuleni unatazama habari kwa volti 13, mwanao anaingia, anavua viatu, anawasha katuni iliyoko kwenye ulalo. Volti 18 zinapanda kwenye waya huohuo. Mkubwa anamshinda mdogo, LNB inageukia ulalo, na habari yako imekwisha. Akibadilisha chaneli au akizima, picha inakurudia. Tamthilia yako nayo bila shaka iko kundi moja na katuni, ndiyo maana haiguswi. Fundi wenu alikuja asubuhi, mtoto yuko darasani. Angeona nini?

Usiniamini kwa maneno. Kesho jioni fungua kwenye king'amuzi cha sebuleni ule ukurasa wenye mistari miwili, wa nguvu ya mawimbi na wa ubora, ukiwa kwenye chaneli ya habari. Mwambie mwanao apitie chaneli moja moja chumbani huku wewe unatazama mistari. Utaona nguvu imebaki juu palepale na ubora umeanguka hadi sifuri. Nguvu inabaki kwa sababu LNB bado inafanya kazi, ila inakuletea mzigo wa mwenzako. Kisha chomoa king'amuzi cha chumbani ukutani. Nasema chomoa, usikizime kwa rimoti, kwa sababu vipo vinavyoendelea kupeleka umeme kwenye dishi hata taa ikiwa nyekundu. Habari ikitulia, kesi imekwisha.

Dawa ni LNB ya matundu mawili na waya wa pili kutoka juu hadi chumbani, kila king'amuzi na njia yake. Splita itupeni. Usikubali kuuziwa ile yenye tundu moja linalopitisha umeme na jingine lisilopitisha. Itaondoa ugomvi, kweli, lakini wa upande wa pili atabaki mtumwa wa chaneli anazochagua wa kwanza. Na ukiwa na mpango wa kuweka televisheni ya tatu, nunua kabisa LNB ya matundu manne, mtu asipande tena juu ya bati.

Baba watoto naye tusimtupe. Chumvi haikuleta huu ugonjwa, ila Tanga itakuletea mwingine. Kuna nyumba moja karibu na bahari niliitwa, picha inaganda kila alfajiri, jua likipanda inakaa sawa. Niliangalia dishi, zima. Nikarudi ndani, nikafungua konekta, ile ncha ya chuma ya waya, nyuma ya king'amuzi, tone la maji likanidondokea kidoleni. Sebuleni! Hakuna bomba karibu wala dirisha. Maji yaliingilia juu kwenye konekta ya LNB, yakashuka ndani ya waya, kwenye zile nyuzi za wavu chini ya ganda jeupe, mita zote hizo hadi kwenye kabati la televisheni. Nilipouchuna waya, wavu ulikuwa umeoza mweusi na shaba ya katikati imefanya kijani. Waya wa namna hiyo haukaushwi, unatupwa.

Kwa hiyo fundi akija kuvuta waya wa pili, simama chini ya ngazi umtazame mambo matatu. Shaba ya katikati ichomoze kidogo tu nje ya mdomo wa konekta, milimita mbili au tatu, na pasiwe na hata unywele mmoja wa wavu unaoigusa. Unywele mmoja unatosha kuzima kila kitu. Avishe kofia ya mpira, au azungushe tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Tepu nyeusi ya umeme jua la Tanga linaibandua mapema. Na chini ya LNB auache waya uning'inie kama tumbo kabla ya kupanda ukutani, ili maji ya mvua yadondokee pale. Wengi wanaona huo ni uchafu wa kazi na wanaukaza. Mimi ndiyo alama ninayomjulia fundi.

SWALI: Fundi, masika haya kila wingu likifunga picha inakwenda, mara nyingine hata kabla ya tone la kwanza. Dishi langu ni la sentimita 60, linatazama magharibi. Nibadilishe niweke la 90?
Msomaji wa Morogoro

JIBU: La 90 lina eneo mara mbili na robo ya la 60, kwa hiyo msaada utauona. Lakini usikimbilie dukani. Ngoja siku ya jua, soma ubora kwenye mstari ule niliomwelekeza mama wa Tanga. Kama siku kavu tayari uko nusunusu, dishi limepotoka. Pengine skrubu za nguzo zimelegea, pengine nguzo yenyewe imeinama. Lipangwe upya kwanza, na fundi asiridhike picha inapotokea. Asukume kidogo kidogo kulia, kushoto, juu, chini, mpaka ubora ukatae kupanda. Aizungushe na LNB kwenye kishikio chake, hatua ambayo wavivu huiruka. Mvua kubwa ya masika itakukatia tu, hata uwe na la 90, kwa sababu matone yanameza mawimbi ya masafa haya. Tofauti ni kwamba utakosa dakika tano badala ya mchezo mzima. Hilo la kukatika kabla ya tone ni haki yake: dishi lako linachungulia upande wa magharibi, na wingu likisimama huko, njia imezibwa wakati nguo zako bado ziko kwenye kamba, kavu.

SWALI: Mwezi wa Machi, kama tarehe 20 na kitu, siku kadhaa mfululizo picha ilikatika mnamo saa tisa alasiri kwa dakika chache, jua kali, hakuna wingu. Baadaye ikaacha yenyewe. Dishi letu nalo linatazama magharibi.
Msomaji wa Dodoma

JIBU: Ni jua lenyewe. Siku hizo lilikuwa linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na dishi likimezeshwa kelele za jua, yaani mawimbi yake lenyewe, haliisikii setilaiti tena. Litarudia Septemba, mnamo saa hizohizo. Usiguse skrubu hata moja. Na kama yupo jirani yako aliyelizungusha dishi lake siku ile, mwambie anitumie barua, tutamsaidia kulirudisha.